Bi Mwanvita Aliyesaini Kama Shahidi

Ndugu waombolezaji, assalamu alaykum, na majirani zetu Wakristo poleni kwa msiba huu ambao ni wenu pia. Kwa idhini ya wajomba, mimi mpwa wa marehemu, Twalibu Salumu, nimepewa jukumu la kuwasomea safari ya maisha ya mama yangu mdogo, Bi Mwanvita Kibwana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 huko Kinole, katika milima ya Uluguru, akiwa mtoto wa mwisho wa Bi Chausiku, na kama wenyeji mnavyojua, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi nayo hufuata tumbo la mama, haifuati kofia ya baba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha mwaka 1979 akaanza kuuza ndizi, kwanza soko la Morogoro na baadaye Mikese kwa abiria wa Dar es Salaam, ambako alijulikana kwa ukali wake, na mteja aliyebonyezabonyeza ndizi bila kununua aliambiwa akabonyeze za kwao.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na Bw. Yunusi Mbega wa Dumila, wakajaliwa watoto wawili, Zuhura na Mansuri, wakajenga hapa Bigwa, kwenye shamba la ukoo wa marehemu, ambamo mama yake na bibi yake wamelala.

Tarehe 9 Mei 2017 Bw. Yunusi aliomba mkopo wa mashine ya kukoboa, maofisa wa benki wakaja, wakauliza mkuu wa kaya ni nani, mzee akakohoa kidogo, wakamwandika yeye kuwa mwenye shamba, likawekwa dhamana ya mkopo, na marehemu akaitwa asaini kama shahidi. Alisaini kwa furaha, maana katika ukoo wetu anayesimama shahidi juu ya ardhi ndiye mwenyewe, anashuhudia kwamba mgeni amepewa mahali pa kulima, kumbe kwa benki shahidi ni mtu wa pembeni asiye na chake. Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani kwetu, likavua viatu na kukaa.

Bw. Yunusi alifariki tarehe 2 Novemba 2021, mashine ikiwa imekufa kabla yake, na arobaini haijafika ukutani pakachorwa alama ya X nyekundu, kwamba benki inaliuza shamba kufidia deni. Marehemu alilalamika kwenye ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kifedha, ambayo sheria yake inamruhusu msuluhishi kukataa lalamiko akiona inafaa, naye akaona inafaa, akajibu kwa mstari mmoja kwamba shahidi si mteja, bila kumwita wala kumsikiliza.

Hakunyamaza, alikwenda Mahakama Kuu akisaidiwa na wakili Jesca, wakaomba kwanza kibali, kisha mapitio ya uamuzi ule, na wengi wetu tulidhani jaji atarudisha shamba, lakini marehemu alielewa mapema kuliko sisi kwamba mapitio hayaulizi shamba ni la nani, yanauliza kama aliyepewa mamlaka ya kuamua ameyatumia kwa haki. Tarehe 11 Machi 2024 jaji alisema kuona inafaa si kujisikia tu, ni kusikiliza na kutoa sababu, akaubatilisha uamuzi na kuagiza ufanywe upya. Bigwa vigelegele vilipigwa, watu wakacheza, ila marehemu hakucheza, alisema aliyekukataa bila sababu, ukimlazimisha kutafuta sababu, ataipata.

Ikawa hivyo, aliitwa, akapewa kiti kizuri na maji ya kunywa, akasikilizwa mpaka mwisho, na tarehe 20 Januari 2025 jibu likaja, safari hii refu, lenye sababu nyingi, na mwisho wake ni ule ule. Alirudi mahakamani akidai msuluhishi amepuuza mila ya ukoo aliyopaswa kuizingatia, akapata zuio la muda ili shamba lisiuzwe kwanza, lakini tangu siku hiyo presha haikushuka, akawa analala sebuleni kwenye mkeka, uso umeelekea mlangoni, na ukimuuliza anasema anasikiliza. Tarehe 12 Agosti alipata kiharusi, akafariki hospitalini mjini jana, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025. Inatuuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi humu shambani, kando ya mama yake, wauza ndizi wenzake wa Mikese na wakili Jesca, na wale wageni wawili waliosimama kando ya gari jeupe tangu asubuhi, ambao hawajatoa pole kwa mtu, familia inawaona. Wakili ametueleza kwamba shauri linaweza kuanguka pamoja na marehemu asipopatikana wa kushika nafasi yake, na zuio linafika mwisho Alhamisi hii, siku ya kusikilizwa, hivyo wajomba wamemteua Zuhura asimame mahali pa mama yake, na kama atakubaliwa hatujui.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika kwa amani, mama mdogo, walau mpaka Alhamisi.