Wasife Wakiwa Kwenye Dawa

Mgeni rasmi, Dkt. Bupe, Mganga Mkuu wa wilaya yetu, Mwenyekiti wa kijiji, ndugu wanakijiji:

KARIBU MVUMI
Shikamoo, mama. Umekula vumbi letu tangu asubuhi na bado unatabasamu. Tumefurahi mno. Sisi tuliosimama mbele yako tuliugua kifua kikuu, tukapona.

TULIVYOANZA
Kikundi hiki kilizaliwa msibani. Mwenzetu Matonya, mfugaji, alikohoa tangu mwanzo wa kiangazi akinywa mizizi na dawa za dukani. Alipopimwa alikuwa amekonda hata mkanda haumshiki. Akaanza dawa, akapata nafuu kidogo, kisha akatoweka. Elisante, ambaye leo ni katibu wetu, alimfuata machungani.

"Kaka, mbona umeacha dawa?"

"Nikizimeza bila chakula tumbo linawaka. Na nikikaa nyumbani, hawa ng'ombe nimwachie nani?"

"Tutakuchungia sisi. Twende nyumbani."

Matonya alilia, akakubali. Alianza dawa upya, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Tulimzika kabla ya mvua za kwanza.

TULICHOFANIKIWA
Mjane wake, Hilda, naye alipopimwa alikutwa anaumwa. Safari hii hatukungoja. Tulipokezana kumchungia mifugo, kumpikia uji wa uwele wenye karanga, na kukaa naye akimeza dawa. Amepona, mama. Ndiye huyu anayekusomea risala.

YANAYOTUTESA
Wengi wetu tunafika zahanati tumeshachelewa. Wengine wana VVU au kisukari na hawajui. Wengine pombe inawasahaulisha dawa. Njaa ya kabla ya mavuno inawamaliza waliokuwa wakianza kupata nguvu. Na aibu, mama: mtu anaficha vidonge hata kwa mkewe.

MAOMBI YETU
Tunaomba wapimaji wafike machungani. Tunaomba chakula kwa wagonjwa miezi ile ya mwanzo. Kuni, maji na kupika ni juu yetu.

Ombi la mwisho ni dogo. Pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani, ni Anjelina. Yuko kwenye dawa, na daktari amethibitisha kwamba haambukizi tena. Lakini tangu majirani wajue, hakuna anayempa mkono. Ukimaliza kutuhutubia, tunaomba uanze kumsalimia yeye. Watu wote watakuwa wanakutazama.

Mungu akufikishe salama kwa wanao, na siku ukirudi utukute wote tu wazima.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Tuchungiane, Mvumi.