Watani Walipokuja Kulilia Kisima

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu wa jembe, nawasalimu kwa amani. Mmetuita tuwaeleze jinsi kisima chetu kilivyorudi. Nitasema niliyoyaona, ila majina nimeyaacha nyumbani.

Zamani tulikaa mbalimbali, kila ukoo na kisima chake. Tulipohamia kijijini, nyumba zote zikategemea kisima kimoja, kule bondeni, chini ya mteremko. Kila mtu akataka shamba la karibu. Miti ikakatwa, matete yakafyekwa, mihogo ikapandwa mpaka mdomoni mwa kisima. Masika ilipopiga, mchanga ukateremka ukaziba jicho la maji. Tukawa tunachota tope na kulichuja kwa khanga. Wengine tukaanza kwenda mpaka mto Ruvu, na mnajua mamba wa kule hawaulizi hodi.

Serikali ya kijiji ikaunda kamati ya maji. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu mwenyekiti alisema, "Huyu mama mdomo wake hauna breki." Bwana shamba akatuelekeza: acheni nafasi kuzunguka kisima, chimbeni makingamaji kukata mteremko, rudisheni matete. Tukaweka sheria. Ndugu zangu, nawaambia, sheria ile haikuota hata jani moja.

Shamba lililoshuka chini kuliko yote lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Kila nikimwambia aondoke, ananijibu, "Shemeji, ulikuja kuolewa au kutawala?" Siku moja nikataja faini. Hapo nikaharibu kabisa. Mawifi wakaacha kunisalimia. Mama mkwe akaacha kula chakula changu. Mwisho mume wangu, mtu mpole yule, akaniambia, "Mke wangu, chagua. Kamati au nyumba."

Nikijitoa, kisima kinakufa. Nisipojitoa, ndoa inakufa. Kesho yake, njiani kwenda mtoni, nikamlilia jirani yangu. Mume wake ni Mnyamwezi, mmoja wa wale waliokuja kukata mkonge mashambani wakabaki hapa hapa. Na nyote mnajua, Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani: msibani mtani hufanya atakalo, na hakuna wa kumkasirikia. Jirani akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Usifungashe bado."

Asubuhi iliyofuata tukasikia kilio bondeni. "Mama weee! Amekufa!" Kijiji kizima kikakimbia. Tukamkuta mtani, yule mume wa jirani yangu, na wenzake wamelala katikati ya mihogo ya shemeji, wamejifunika mashuka, wanagaragara.

"Nani kafa?" watu wakauliza.

"Kisima! Kaacha yatima kijiji kizima!" Akainuka, akamshika shemeji mkono. "Na aliyemfukia ndiye huyu! Mzaramo gani wewe, unafukia maiti bila kuwaita watani?"

Mnacheka? Mwanzoni shemeji hakucheka. Aliinua jembe. Lakini nani amewahi kumpiga mtani wake? Jembe likabaki hewani, na mtani akazidi: "Lete matanga! Tumetoka Tabora kwa miguu, tuna njaa!" Wakaanza kung'oa mihogo yake, wakawasha moto, wakaichoma pale pale, wakatugawia. Shehe wetu alisimama pembeni akisema mambo hayo si ya dini, huku amejiziba mdomo kwa kanzu. Hatimaye shemeji mwenyewe akapasuka kwa kicheko, akakaa chini.

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Haya, nimeondoka. Wanangu watakula utani?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimemwambia mtu yule aondoke mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, lakini hata mara moja sikumwuliza ataenda kulima wapi. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akasema kuna tambarare nyuma ya shule, ardhi ya kijiji. Mtani akadakia, "Basi tukamlimie, matanga yaishe!" Juma lile lile tukalima wote, mawifi na mama mkwe wakiwemo. Mume wangu alichimba jirani nami. Tulipopumzika akanipa maji ya kunywa kwanza, kabla yake, nikajua nyumba ipo.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kutajiwa faini. Tulichimba makingamaji, tukapanda majani ya mabingobingo juu yake yashike udongo, na mikuyu kuzunguka kisima. Msimu wa kwanza tulipata unyevu tu kwenye mchanga. Wa pili, maji ya kuchota kwa kata. Leo tunachota ndoo, na mto tumewaachia mamba wao.

Nawashukuru bwana shamba, mwenyekiti, na jirani yangu aliyeipeleka siri yangu mahali pazuri. Mtani simshukuru, atavimba kichwa.

Ninalowaachia ni hili: msianze na sheria, anzeni na tumbo la mtu mtakayemhamisha.

Nimesikia kwamba hapa kwenu pia yupo mwenye shamba lililoshuka kuliko yote, na kwamba yumo humu ndani. Simwulizi jina. Ndugu yangu, ukishajua unataka kulima wapi, toka nje utuonyeshe. Tumekuja na majembe, na aliyeshika la kwanza ni shemeji yangu.