Adelard Rwezaura na Kunde za Kisima cha Chumvi

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, Editha, mdogo wake marehemu na ndiye anayeusoma wasifu huu, alikuwa kwenye kibanda chake cha mama lishe, Manzese. Alikuwa na ungo mapajani akichambua maharage ya mchana simu ilipoita. Aliyepiga ni wifi yake, Demetria, mke wa marehemu. Alisema, "Wifi, njoo. Baba Jonas hajaamka." Editha aliuweka ungo chini akaondoka na kanga ile ile aliyokuwa amejifunga. Alipofika Boko, nyumbani kwa marehemu, alikuta majirani wameshaanza kutoa viti nje.

Marehemu Adelard Rwezaura alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Erasmus. Alibatizwa mwezi huo huo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1962, akamaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 1972, kisha akaenda chuo cha kilimo Ukiriguru alikopata cheti mwaka 1975. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mwaka mmoja wa ukame Adelard alifukua mizizi ya mgomba wa baba. Alipoulizwa, akasema anataka kuona unatafuta maji upande gani. Alichapwa fimbo sita, na mgomba ule ukafa. Alisema baadaye kwamba ile ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza.

Tangu mwaka 1976 mpaka alipostaafu mwaka 2014 alikuwa msaidizi katika vituo vya utafiti wa kilimo, kwanza Kanda ya Ziwa, na tangu mwaka 1991 huku Pwani. Hakuwa daktari wa mimea. Wenye shahada walikuja wakaondoka, yeye alibaki kupanda, kuhesabu na kuandika. Kazi ilimfundisha jambo moja alilopenda kutueleza mezani: mnyama akiteswa hukimbia, lakini mmea umefungwa pale pale ulipoota. Kwa hiyo hugeuza majani yasilikabili jua, huteremsha mizizi, na chumvi ikizidi huisukuma kwenye majani ya zamani kisha huyaangusha, machanga yapate kuishi. Maagizo ya kufanya hivyo yamo ndani ya punje, alisema, yamerithiwa kwa wazazi, na mengine hulala mpaka siku ya shida.

Alifunga ndoa na Demetria tarehe 18 Desemba 1982, katika Parokia ya Rutabo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1998 walihamia Boko, kwenye kiwanja chenye kisima cha maji matamu. Utamu ule haukudumu. Mikoko ilikatwa, visima vikachimbwa kila ua, na bahari ikaingia chini kwa chini. Kufikia mwaka 2012 mchicha uliungua ncha za majani, na kina mama wa kikundi cha bustani wakaanza kuacha matuta yao mmoja mmoja.

Baada ya kustaafu, marehemu alipanda punje mia sita za kunde na kuzimwagilia maji yale yale ya chumvi. Zilizofika kuzaa ni tisa. Akachukua mbegu za hizo tisa, akapanda tena, misimu miwili kila mwaka. Jirani yetu Mzee Haroub, mwenye duka, alimtania akiwa ameegemea ukuta.

"Bwana Kunde! Wenzio wakistaafu wanajenga nyumba za kupangisha, wewe unapigana na bahari!"

"Bahari haina haraka, Haroub. Na mie sina."

Kufikia msimu wa kumi na tisa, katika kila mia, sabini zilizaa. Haroub hakutania tena. "Nipe hata punje kumi basi. Au wangoja mpaka sie tufe?"

"Subiri msimu wa ishirini," marehemu alimjibu. "Mbegu nisiyoijua vizuri siwezi kumpa mtu akaweka tumaini lake humo."

Hata kina mama wa bustani aliwaambia vivyo hivyo: masika ya 2025 angegawa. Kunde za shamba lile ambazo hakuzichagua kuwa mbegu zililiwa nyumbani kila wiki. Zile teule zote alizichanganya na majivu, bila dawa ya wadudu kwa sababu ya wajukuu, akazitia kwenye kopo la rangi la lita nne na kuliweka jikoni palipo pakavu.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alianza kusafishwa damu, na daktari akamkataza chumvi. Alicheka akasema, "Mimi sina jani la zamani la kuangusha." Novemba 2024 alilazwa kwa siku tisa, Demetria akawa naye hospitali. Editha alikuja kulinda nyumba. Jumuiya ilipokuja kusali rozari kwa ajili ya mgonjwa, watu ishirini na watatu, Editha alilikuta kopo, akaziosha kunde majivu, akachambua zilizotobolewa na wadudu akazimwaga nje, akapika zilizo nzima kwa nazi. Wageni walizisifu.

Marehemu aliporudi alikwenda jikoni kabla ya kukaa.

"Editha, kopo langu?"

"Kaka, tulizipika siku ya jumuiya. Tulikuwa tunakuombea."

Alikaa juu ya gunia la mkaa. Demetria alianza kupiga kelele, naye akamwinulia mkono anyamaze. Kisha akauliza, "Ziliiva baada ya muda gani?"

"Dakika arobaini na tano, kaka. Sikuziloweka."

Akaomba daftari lake, akaandika: dakika arobaini na tano, bila kuloweka. Hakuandika tena humo. Editha alipopiga magoti, alimwambia, "Inuka, mama. Kosa ni langu. Ningempa Haroub punje kumi." Msamaha ule ulitolewa kwa moyo, na mbegu hazikurudi.

Alikusanya zilizotobolewa nje ya jiko, punje kumi na nne, akazipanda. Mbili ziliota. Moja ilikauka ikiwa na majani mawili. Nyingine ilichanua mwishoni mwa Januari, na ndani ya wiki ikapukutisha maua yote. Haroub alisema imeugua. Marehemu akamwambia, "Haijaugua. Imejipima ikaona haiwezi kubeba mtoto, imeamua kujiokoa yenyewe." Alifariki usingizini tarehe 18 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini. Siku hizi za msiba hakuna aliyekumbuka kumwagilia. Mche ule umekauka.

Marehemu ameacha mjane, Demetria, watoto watatu, Jonas, Kokushubila na Hope, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, Editha. Kina mama wa bustani wamekuja wote, nao hawana cha kupanda masika haya. Familia inawashukuru kwa sala na mikono yenu.

Jana alasiri mwili ulifika nyumbani. Demetria alimvalisha shati lake la kazi, lile la kijani. Watu walipita mmoja mmoja. Mzee Haroub alisimama mlangoni, akasema, "Kwaheri, Bwana Kunde," akatoka kwenda kupanga viti. Editha alikuwa wa mwisho. Aliweka kiganja juu ya mikono ya kaka yake, akasema, "Shikamoo, kaka," kama alivyomsalimia siku zote, akangoja kidogo. Kisha jeneza likafungwa.

Bwana, mpe kaka yetu pumziko.