Kidole Kimoja cha Tangawizi: Maisha ya Sidi Garama, Mama Matthew

Sidi Garama alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Kaloleni, mtoto wa nne wa mzee Garama Fondo na mkewe Nyale. Kitambulisho chake kinasema Mei, lakini mamake alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa Aprili, kwa kuwa ndiyo kwanza walikuwa wanapanda mahindi. Familia inamwamini mama kuliko kitambulisho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na akaishia darasa la nne. Siku moja ya mwaka 1969, akikata miwa, panga lilimpitia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na pingili ya juu ikabaki shambani. Kidonda kilichukua miezi kupona. Kufikia hapo karo haikutosha watoto wawili, na aliyepelekwa shule ni mdogo wake, Fondo. Mzee Fondo, tuliye naye hapa leo, husema yeye alisomeshwa na kidole cha dadake, na akisema hivyo huwa hacheki.

Mwaka 1976 alikuja Mombasa kufanya kazi ya nyumba kwa Bi Asmaa, kule Mjambere, Kisauni. Alikuja akijua kupika sima na mboga za majani. Bi Asmaa alimkalisha jikoni na kumfundisha tangawizi peke yake kwa mwaka mzima kabla ya kumwachia sufuria. Alimfundisha kwamba kwenye pilau na mchuzi wa samaki tangawizi hutiwa kabla ya nyanya, ikaangwe pamoja na kitunguu saumu mpaka harufu ya ubichi iishe. Kwenye shira ya kaimati hutwangwa, hukamuliwa kwa kitambaa, na maji yake hutiwa kwenye sukari ikishaepuliwa.

"Mlaji asijue kama mna tangawizi, mwanangu," Bi Asmaa alikuwa akimwambia. "Ajue tu kwamba jana hukuitia."

"Abee, Bi Asmaa," Sidi alijibu, na akapima tena.

Kipimo chake kilikuwa kidole. Alishika tangawizi kwa mkono wa kushoto, akailaza sambamba na kidole cha shahada, na kisu kikakata pale kidole kilipoishia. Kilo moja ya mchele, kidole kimoja. Sufuria ya maharage ya nazi, nusu kidole. Hakuwahi kununua mizani wala kijiko cha kupimia, na hakuwahi kukosea.

Nyuma ya nyumba ya Bi Asmaa alipanga kijana mmoja, Nguma, kibarua wa bandarini Kipevu. Kijana huyu alikuwa na kikohozi cha ajabu, kilichompanda kila jioni chai ya tangawizi ilipochemka na kutulia akishapewa kikombe. Kikohozi kilipona kabisa tarehe 12 Desemba 1981, siku ya harusi yao. Walijaliwa watoto wawili, Matthew na Sarah, wakajenga hapa Miritini. Mzee Nguma alitangulia mwaka 2011, na leo mama analala ubavuni mwake.

Mwaka 1988 Sidi alifungua hoteli yake Changamwe, kwenye barabara ya kuteremkia Kipevu. Ilikuwa na kuta za mabati, mabenchi manne na jiko moja. Makuli, madereva wa malori na makarani wa forodha walikaa bega kwa bega pale. Asubuhi ilikuwa chai na kaimati, mchana pilau, na Ijumaa samaki wa kupaka. Alimfokea dereva aliyeacha chakula kwenye sahani kama alivyomfokea mwanawe, na dereva akala. Kwa miaka thelathini na tano hoteli ile ilifungwa Jumapili tu, na siku mbili za msiba wa mumewe.

Tarehe 9 Novemba 2023 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na ulimi ukapoteza ladha. Kusema alisema, kula alikula, lakini chumvi na sukari kwake vilikuwa kitu kimoja. Sarah aliacha kazi yake ya ofisini Kipevu akashika mwiko. Mama akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono ndani ya leso, akawa anataja vipimo naye Sarah anaandika kwenye daftari. Mama hakuogopa kufa, na alilisema hilo waziwazi. Alichoogopa ni kwamba mkono wake ungekufa naye, na mwanawe abaki na jiko asiloliweza.

Na kweli, chakula kilikataa. Pilau ya Sarah iliwasha koo, na shira yake ilikuwa chungu. Mzee Matano, dereva aliyekula pale tangu siku ya kwanza, alisukuma sahani na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umetupikia dawa ya kifua?" Wateja wakaanza kupungua. Sarah alipomletea mama kijiko aonje, mama alitafuna, akameza, akatikisa kichwa. "Sisikii kitu, Sarah. Wewe unafuata daftari au unafuata kichwa chako?"

"Nafuata daftari, mama. Kidole kimoja. Wallahi nafuata."

Mwezi wa Mei mwaka huu mama alisema neno ambalo Sarah ameomba lisomwe hapa, kwa sababu mama mwenyewe aliliombea msamaha. Alisema, "Nimezaa mkono usiosikia." Siku nane hawakusemezana. Mama aliamua hoteli ifungwe mwisho wa mwezi, na akalia siku alipoamua.

Jumapili tarehe 25 Mei, baada ya ibada, Sarah alikaa chini kumkata mama kucha, kimya kimya kama ilivyokuwa siku zile. Alianza na mkono wa kushoto. Alikata ya kidole gumba, akashika kidole cha shahada, akatafuta ukucha. Hakuna ukucha pale. Haujakuwapo tangu mwaka 1969. Sarah alikuwa amekishika kidole kile tangu anajifunza kutembea, na hajawahi kukiona kifupi. Kwake kilikuwa kidole cha mama, basi. Akaweka chake kando yake, na chake kikapita kwa pingili nzima.

"Mama," akasema, "kidole kimoja, ni kidole gani?"

Mama alitazama mkono wake. Kisha akaanza kucheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, mpaka machozi yakamtoka. "Ewe Mungu wangu! Nilishasahau kama kimekatika. Nisamehe, mwanangu. Mkono wako hauna kosa."

Kesho yake Sarah alipika kwa kidole cha mama. Jioni aliingia nyumbani na sufuria kubwa, akaiinamisha mbele ya kiti cha plastiki mama aone ndani.

"Hata ukoko?" mama akauliza.

"Hata ukoko. Mzee Matano ameukwangua mwenyewe."

Hakuonja pilau ile, na hata angeonja asingesikia kitu. Aliomba sufuria iachwe pale miguuni pake mpaka alipokwenda kulala. Hoteli haikufungwa mwisho wa mwezi. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, kiharusi cha pili kilimchukua akiwa kwenye kiti chake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Inauma, na itatuuma muda mrefu.

Ameacha watoto wawili, Matthew na Sarah. Mkaza mwana mmoja. Wajukuu watano, mkubwa wao akiitwa Nyale kwa jina la bibi yake mkuu. Mdogo wake, mzee Fondo. Na mwalimu wake, Bi Asmaa, aliyeletwa leo kutoka Mjambere kwa kiti cha magurudumu ili amzike mwanafunzi wake.

Wanawake walipomwosha, Sarah alichomoa uzi kwenye leso ya mama, akaupima kwenye kidole kile na kuukata pale kilipoishia. Uzi huo umefungwa kwenye mpini wa mwiko, na ndio uliopima pilau mtakayokula tukitoka kaburini.

Lala kwa amani, mama. Tangawizi imepimwa kwa kidole chako.