Matairi Manne Ambayo Bi Somoe Aliyakataa

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Bi Somoe Jabiri atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Mkuyu Matairi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Anastaafu akiwa Mkaguzi Mkuu. Hakutaka sherehe. Tulipomwambia chakula kimeshaagizwa, akarudi kwenye matairi yake, na kwake hiyo ni ndiyo.

Mimi ninayeandika ni Najma, meneja wa ofisi na binti wa Bwana Masoud, mwenye karakana. Bi Somoe alinikuta nikiwa na miaka miwili.

Aliajiriwa Machi 1994, tukiwa bado Temeke, kazi yake kupokea wateja na kuwapa soda wakisubiri magari. Mezani hakukaa. Kila mteja aliyelalamika gari linateleza, Bi Somoe aliinuka kwenda kuliangalia tairi mwenyewe, na haikupita miaka miwili mafundi wakawa wanamwita kabla ya kufungua nati. Baba akampa ovaroli. Ilikuwa ya saizi ya kiume, akaikata miguu, na tangu siku hiyo wateja wakajihudumia soda wenyewe.

Tulihamia Tegeta mwaka 2006. Nyumba mpya zilikuwa zinaota hadi Mbweni, na pamoja na nyumba yakaja magari ya michezo, yale ya chini chini yenye milango miwili. Wenyewe waliamini tairi la gari ghali halichakai. Bi Somoe aliwavunja moyo taratibu. Tairi la gari kama hili, aliwaeleza, lina mpira laini ili lishike barabara, na ulaini huohuo ndio unaolimaliza upesi. Likifika kilomita elfu ishirini na tano, mshukuru Mungu. Upepo ukipungua, linachemka na kulika pembeni. Ukizidi, linalika katikati. Na kwa kuwa magurudumu ya magari haya hulazwa kidogo, upande wa ndani ndio unaotangulia kuwa kipara, upande ambao mwenye gari hauoni kwa sababu hataki kuinama achafue kanzu.

Wakati wa masika alikuwa mkali zaidi. Mifereji iliyo kati ya kashata, yaani yale mafundo ya mpira, kazi yake ni kupitisha maji. Kina kikishuka chini ya milimita tatu, maji yanakosa pa kwenda, tairi linapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Tairi lina alama ndogo ndani ya mifereji za kuonyesha kwamba limekwisha kabisa. Bi Somoe hakusubiri zifikiwe.

Lakini ugomvi wake mkubwa na wateja ulikuwa juu ya umri. Mpira hukauka hata gari likiwa limesimama. Joto letu, jua na miaka huufanya mgumu, na tairi gumu linaweza kuwa na kashata ndefu za kuvutia na bado lisishike kitu. Kwa hiyo alisoma tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, kisha akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Likishavuka miaka mitano alitaka kuliona kila mwaka, na kwa gari la michezo hakuruhusu lipite sita. La kuondolewa aliliandika kwa chaki ya njano: TOA. Gari halikutoka getini bila saini yake kwenye karatasi ya ukaguzi. Wapo wateja waliofuta ile chaki kwa mate wakapenya getini bila saini, naye aliwapigia simu wiki nzima kuwajulia hali.

Sasa niseme la kwetu wenyewe. Baba ana gari jekundu la michezo ambalo hukaa chini ya turubai nyumbani Mbweni, mbali na macho ya Bi Somoe, na hutolewa siku za Idi na harusi za ukoo tu. Dada zangu wote wawili walipelekwa ukumbini ndani yake. Aprili mwaka jana, baada ya Ramadhani, ikawa zamu yangu. Waosha magari waliyapaka matairi dawa ya kung'arisha kila upande, mpaka kwenye kashata, ili yapendeze kwenye video. Jumamosi asubuhi, siku ya harusi yenyewe, baba akalileta karakana lijazwe upepo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na mume wangu, Farhan, ndiye angeliendesha tukiwa wawili hadi ukumbini Kinondoni.

Bi Somoe alifuta dawa kwa tambara na kusoma ubavuni: wiki ya kumi na moja, mwaka 2014. Matairi yalikuwa na miaka kumi na kilomita zisizofika elfu nne. Akaandika TOA mara nne. Saizi ile hatukuwa nayo, na kuiagiza huchukua wiki mbili. Alipiga simu Ilala na Kariakoo, akapata ya mtumba ya mwaka 2015, nayo akayakataa. Baba akamwamuru atie saini. Alipoona anatikisa kichwa, alipandisha sauti mbele ya mafundi wote, akamkumbusha nani mwenye karakana na kwamba amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Bi Somoe akaweka kalamu mezani.

“Bosi, nifukuzeni leo hii hii. Saini yangu hampati. Na huyu Najma nimemlea mie pia.”

Nilikwenda harusini kwa Noah ya karakana, ile inayobeba matairi. Nilinukia mpira juu ya udi wote niliofukizwa, na kwenye video wanja umenishuka mashavuni. Bi Somoe alikuja ukumbini na zawadi. Sikumpa shikamoo.

Kuna jambo hajui, na wala si la kumsifu mtu. Siku ya pili ya ndoa yangu, nikiwa bado na hina mbichi, niliandika barua ya kumwachisha kazi kwa kukaidi amri. Baba hakunituma, ilikuwa fikra yangu. Nilimtumia atie saini, naye akakubali kuitia Jumatatu. Jumatatu hiyo fundi Mudathir aliyafungua yale matairi ili yatupwe, akamwita baba. Ubavu wa ndani ulikuwa na nyufa zinazoingia ncha ya kidole, na ndani yake nyuzi zinaonekana. Baba alinipigia simu, akaniambia nifute barua. Hakueleza sababu, akanitumia picha.

Huenda tungefika Kinondoni salama. Sijui, na Bi Somoe hajawahi kudai kwamba anajua. Ninachojua ni kwamba alikuwa tayari kupoteza kazi ya miaka thelathini ili mimi nisipande gari lile, wakati mimi nilikuwa tayari kumnyang'anya kazi hiyo kwa ajili ya video.

Ametuachia wakaguzi kumi na mmoja aliowafundisha kwa mkono wake, na wote ni wabishi. Kwa niaba ya baba, mafundi na wateja wetu, hata wale wa mate, tunamshukuru, na tunamwombea afya na mapumziko marefu nyumbani kwake Kigamboni.

Bi Somoe, ile barua niliandika mie, na maneno makali niliyachagua kwa makusudi. Nakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma haya. Binti yangu ana miezi minne sasa, na yupo kwa sababu hakuna kilichonipata siku ile. Asante kwa kukataa.