Bi. Mwanamisi Mahmood Aaga Chumba cha Filamu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mwanamisi Mahmood anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kuainisha filamu, kanda ya Meru na Embu. Kwa wageni wasiojua tunachofanya: sisi hutazama filamu kabla hazijaonyeshwa kwa umma, kisha tunasema zinamfaa mtu wa umri gani. Kazi hiyo husikika kama starehe. Bi. Mwanamisi ameifanya tangu enzi za kanda za video hadi leo hii ambapo filamu nzima inakuja ndani ya kifaa kidogo kuliko kidole, na sijawahi kumsikia akiiita starehe.

Alizaliwa mtaa wa Majengo, mjini Meru, nyuma ya bucha ya baba yake, Mzee Mahmood. Alifundisha chekechea kwa miaka michache, kisha mwaka 1994 akaajiriwa hapa kuwa karani wa kupanga kanda. Wazee wa ofisi wanasimulia kwamba karani huyo mpya alikuwa akitoa maoni yake kutoka mlangoni kila filamu ilipotazamwa, hadi mkuu wa wakati huo akaona heri ampe kiti. Alipewa kiti, akapelekwa mafunzo, na tangu hapo hajatoka mstari wa mbele.

Miaka ya mwanzo alizungukia vibanda vya video vya mjini. Wenye vibanda walikuwa wakiona buibui lake likija kutoka mbali, wanabadilisha kanda haraka. Siku moja aliingia kibanda kilichojaa vijana waliokuja kuona watu wakipigana mateke, akakuta kwaya ya kanisa ikiimba kwenye skrini. Wengine wangegeuka wakaondoka. Yeye alivuta benchi, akaketi, akasikiliza kwaya mpaka wimbo wa mwisho, na vijana wale wote wakabaki wametulia kando yake kama waumini. Mwenye kibanda alimfuata nje akaomba msamaha bila kuulizwa chochote.

Damu haikumsumbua. Sisi wengine tulipofunika macho, yeye aliendelea kunywa chai yake na kusema kwamba ini lile halikuwa ini. Kilichomlaza ni mapenzi. Filamu ya wapendanao ikipita nusu saa, Bi. Mwanamisi huwa amesinzia, na ajabu ni kwamba huamka dakika ile ile wanapokaribiana, akatuuliza tumeandika nini.

Lakini wenzake hatumwagi kwa sababu ya vichekesho. Kuna jambo lililotokea Siakago mwaka 2023 ambalo lilibadilisha namna ofisi hii inavyofanya kazi. Amenipa ruhusa kulisimulia, kwa sharti moja, kwamba nisiseme alikuwa sahihi tangu mwanzo. Hakuwa.

Mapema mwaka huo kijana anayeitwa Kivuti, mzaliwa wa Siakago, alituletea filamu yake ya kwanza, *Tai wa Kiang'ombe*. Ilikuwa hadithi ya kubuni ya msichana anayempanda tai mkubwa kutoka kilima cha Kiang'ombe kwenda kupigana na mfalme wa ukungu. Tai huyo alichorwa kwa kompyuta na wanafunzi wa chuo katika chumba cha kupanga kule Nchiru, na alivyoruka juu ya mashamba makavu ya Mbeere, sote tuliinua shingo. Kulikuwa na vita vikubwa. Nyuki walipigana upande wa msichana, majitu ya ukungu yakapasuka na kuwa mvuke, panga za mbao zikagongana. Katikati kulikuwa na kipande kifupi ambapo mfalme anampuliza mama yake msichana, na mama anageuka jiwe taratibu kuanzia miguuni, mtoto akiwa amemshika mkono. Mama huyo harudi tena.

Tulibishana kuhusu vita. Bi. Mwanamisi ndiye aliyekuwa akiongoza jopo, na alitutuliza. Alisema hakuna tone la damu, adui ni moshi, na watoto wa siku hizi wanajua upanga wa mbao ni mchezo. Hakuna aliyemwuliza kuhusu lile jiwe. Filamu ikapewa daraja la watu wote, na Kivuti akaondoka akiwa hatembei vizuri kwa furaha. Alipanga kuizungusha wakati wa likizo ya Aprili, aanzie Siakago nyumbani kwao, kisha Githongo, kisha Nchiru.

Bi. Mwanamisi alikuwa na desturi ya kuhudhuria onyesho la kwanza la kila filamu aliyoipitisha. Kwa hiyo Jumamosi ile alikuwa Siakago, mimi nikiwa naye. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia ili kupata giza, na watoto walijaa kwenye mabenchi pamoja na mama zao na bibi zao. Vita vilipoanza walishangilia, wengine wakasimama juu ya mabenchi kuwasaidia nyuki. Kisha kikaja kile kipande cha jiwe, na waliosimama wakaketi.

Msichana mmoja mdogo aliinuka kutoka upande wa bibi yake. Alitembea katikati ya mabenchi hadi mbele, akanyoosha mkono na kubisha kwenye kitambaa cha skrini, pale mama wa kwenye filamu alipokuwa amesimama. Alibisha kama mtu anayebisha mlango. Watoto wengine walicheka. Bibi yake alimfuata akamrudisha, filamu ikaendelea, na mimi nikadhani yameisha.

Watu walipotoka, msichana yule hakutoka. Alisimama mbele ya kitambaa kitupu akataka kujua lile jiwe limewekwa wapi. Bi. Mwanamisi alienda akaketi chini sakafuni karibu naye. Aliitwa Sheila, alikuwa na umri wa miaka sita, na bibi yake alikuwa Cucu Njoki, anayeuza ndengu sokoni. Cucu alimvuta Bi. Mwanamisi kando akamweleza kwa sauti ya chini. Mama yake Sheila alifariki Januari. Mtoto alikuwa ameambiwa kwamba mama amekwenda kufanya kazi mbali na atarudi ndengu zikivunwa. Ndengu zilikuwa zimeshavunwa, na Cucu alikuwa bado anatafuta maneno.

Waliporudi, Sheila alimwuliza Bi. Mwanamisi moja kwa moja: "Mama yangu pia amekuwa jiwe?"

Nimemwona Bi. Mwanamisi akijibu wenye majumba ya sinema waliokuja na mawakili. Siku hiyo alimtazama Cucu Njoki na kungoja, kwa sababu jibu halikuwa lake. Cucu alipiga magoti na kumwambia mjukuu wake kwa Kimbeere kwamba hapana, mama hakuwa jiwe, mama alikufa, wakamzika kwa guka, babu yake, na kesho watakwenda kumwona mahali alipolala. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalia, kilio kile ambacho nadhani kilikuwa kimengojea tangu Januari, na Cucu akalia naye.

Tulipotoka nje Bi. Mwanamisi alianza kuomba radhi. Cucu Njoki alimsimamisha. "Mama, sikulaumu kwa kumwonyesha," alisema. "Nakulaumu kwa kutoniambia. Ningejua kilichomo humo ndani, ningemwambia mtoto nyumbani, kwa wakati wangu. Mliandika ni ya watu wote. Nami nikaamini."

Jumatatu asubuhi, huku Meru, Bi. Mwanamisi aliomba kikao. Alimwambia mkuu wetu, Bwana Kathuri, kwamba daraja lile lilikuwa lake na lilikuwa na kosa, na kwamba lazima libadilishwe kabla ya onyesho la Githongo. Bwana Kathuri, ambaye leo ameketi mbele kabisa na atanisamehe, alisita. Mabango yalikuwa yameshabandikwa. Alihofia kwamba tukipitisha kitu na kukigeuza wiki chache baadaye, hakuna atakayetuheshimu tena. Bi. Mwanamisi alimsikiliza kwa adabu kisha akasema kwamba wakitaka kumlaumu mtu, jina lake lipo. Alikuwa amebakisha miaka miwili na ushee kustaafu, na hajawahi kubatilishwa uamuzi hata mmoja. Alijibatilisha mwenyewe.

Hakutaka kumpigia Kivuti simu. Alikwenda Githongo pamoja nami. Tulimkuta akifunga vipaza sauti katika ukumbi wa kanisa, akatupokea kwa bashasha, na bashasha ikamtoka usoni kadiri alivyosikiliza. Alisema shule zimeshabuku nafasi kwa sababu ya maneno "watu wote", zikisikia kuna shaka zitaondoka. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika.

"Madam, ni wewe ulisema hakuna damu hata tone," alimwambia.

"Nilisema," Bi. Mwanamisi akajibu. "Nilikuwa natafuta damu. Nikapita karibu na ile nyingine bila kuiona."

Ndipo akamweleza habari za Sheila. Kivuti aliweka waya chini. Alimfahamu Cucu Njoki, alikuwa akitumwa kwake kununua ndengu tangu utotoni. Alikaa kwenye ngazi za jukwaa, akasema basi atakikata kile kipande, akikate usiku huo huo, filamu ibaki na vita peke yake.

Mimi nilifurahi, nikaona tumepata njia rahisi. Bi. Mwanamisi alikataa.

"Usikate, mwanangu," alimwambia. "Hicho ndicho cha kweli kuliko vyote ulivyotengeneza. Watoto wanafiwa. Mimi nataka tu mzazi ajue kabla hajaingia."

Siku hiyo, kwenye ngazi zile, waliandika pamoja sentensi chache za kuelezea filamu. Zilisema kwamba kuna vita visivyo na damu. Kwamba mama anampotea mtoto wake mbele ya macho yake na harudi. Kwamba mtoto wa chini ya miaka kumi aingie na mtu mzima anayemjua, na aliyefiwa karibuni aelezwe kwanza nyumbani. Kivuti alizisoma mwenyewe mlangoni pale Githongo, kwa Kiswahili kisha kwa Kimeru chake cha kubahatisha, watu wakacheka Kimeru hicho kabla hawajaelewa alichosema. Kisha wakaelewa. Wazazi kadhaa waligeuka na watoto wao wadogo. Wengi waliingia, na kipande cha jiwe kilipofika, nilipotazama nyuma niliona kila mtoto mdogo yuko mapajani mwa mtu.

Isidhaniwe kwamba yote yalikwenda sawa. Shule mbili za karibu na Githongo zilijiondoa, na Kivuti alipata hasara ambayo hakustahili. Kwa muda mrefu hakupokea simu za Bi. Mwanamisi. Yeye aliendelea kupiga. Nchiru onyesho lilijaa, wanafunzi waliochora tai wakaja na ndugu zao wadogo kutoka vijijini, na jina la filamu likaanza kusafiri lenyewe. Mwaka jana Kivuti alileta hadithi ya filamu yake ya pili, kabla hajaanza kuipiga, na hakuileta kwenye dawati la ofisi. Aliipeleka Majengo nyumbani kwa Bi. Mwanamisi, siku ya Idi, akala pilau ya binti yake Aaliyah mpaka akafungashiwa nyingine.

Kuhusu Siakago, najua kwamba Bi. Mwanamisi hajawahi kupita mji huo bila kusimama sokoni. Mwanzoni alienda kwa woga. Cucu Njoki alimpokea kama mtu wa nyumbani, akawa anamfokea akikawia. Kesho yake baada ya lile onyesho, Cucu alitimiza ahadi yake, akampeleka Sheila kaburini. Mtoto alikataa chakula kwa siku chache, akauliza maswali mengi, mengine magumu, na Cucu akayajibu yote. Taratibu akaanza kucheza tena. Sasa yuko darasa la tatu, na anazungumza habari za mama yake waziwazi, anavyofanana naye na nyimbo alizomwimbia, jambo ambalo Cucu anasema nyumba yao isingeliweza wakati ule wa kuficha.

Ndani ya ofisi, mabadiliko ni haya. Zamani tulikuwa tukimaliza kutazama tunaulizana: umri gani? Siku hizi tunaanza na swali la Bi. Mwanamisi: mzazi aambiwe nini? Kila filamu ya familia inayopita kanda hii ina maelezo yake mafupi, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu wa sokoni anaielewa, na yanasomwa mlangoni. Wakaguzi wapya aliowafundisha hudhani mambo yalikuwa hivyo siku zote. Nadhani anapenda wadhani hivyo.

Bi. Mwanamisi, kwa niaba ya Bwana Kathuri na wenzako wote, asante. Asante kwa chai, kwa ukali, kwa kutuamsha sisi hata ulipokuwa umelala wewe. Asante kwa kusema nimekosea ukiwa na kila nafasi ya kunyamaza. Tunakuombea afya, usingizi wa raha, na wajukuu watakaokuachia nafasi kwenye kochi. Cucu Njoki na Sheila wamefika leo kutoka Siakago, na Sheila ameomba jambo moja tu katika ratiba hii, kwamba yeye ndiye akushike mkono ukitoka mlangoni. Tumekubali. Nenda salama, mama yetu, na Mungu akutunze.

Beth Ruguru,
mkaguzi mwenzake