Kikapu cha Dawa Nilizoletewa

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyenirudishia miguu. Nimeambiwa niandike ushuhuda huu kwa sababu nikiutoa kwa mdomo simalizi, na ibada ina saa zake. Shule niliishia darasa la pili, nivumilieni.

Miaka ile baada tu ya uhuru nilikuwa kuli, nabeba magunia bandarini Mbaraki. Mimi na mke wangu Dama tulipanga chumba cha juu Mji wa Kale, kwa Bi Aziza, mama wa Kiislamu mwenye heshima zake. Nyumba nzuri, ila ngazi yake kali kama ukuta. Ngazi hiyo nitairudia.

Kisogo kikaanza kuniuma. Daktari akanifunga mpira mkononi, akasema nna presha. Akanipa vidonge vya kupunguza maji mwilini, nimeze kimoja kila asubuhi. Rafiki yangu Kazungu, tuliyekuwa tukitwishana magunia, alinicheka.

"Presha ni ugonjwa wa mabwana. Wewe kuli umeiiba wapi?"

Kumbe naye anayo. Alikuwa akimeza vidonge kama vyangu kwa siri, asije akaachishwa kazi. Kazungu alikuwa mtu wa mzaha, hata kanisani alikuwa akinifinya wakati wa maombi. Lakini nisipotee.

Ndugu zangu, mwajua kwetu pwani mgonjwa haendewi mikono mitupu. Na dawa ukiletewa, wainywa mbele ya aliyeileta, aone, moyo wake utulie. Ukiikataa, umemkataa yeye. Bi Aziza alinipandishia habasoda na asali. "Kunywa, mwanangu, hii haina ubaya na mtu." Shemeji akaleta kitunguu saumu kilichorowekwa kwa ndimu. Mama mmoja wa kanisani akaleta chupa ya kuongeza damu kutoka duka la dawa la Mhindi. Kazungu naye akaleta mizizi ya sokoni Marikiti, ile mitamu watu watafunayo kwa kikohozi. Waichemsha mpaka maji yawe meusi.

"Hii yasafisha mishipa," akaniambia. "Mimi naimaliza sufuria. Nitazame nilivyo."

Nikamtazama, mtu kifua kama mlango. Nikanywa. Zote Dama alizipanga ndani ya kikapu kimoja chini ya kitanda.

Niliporudi hospitali daktari aliniuliza kama natumia dawa nyingine. Nikasema la. Wala sikuwa nikimdanganya. Kwangu mimi dawa ilikuwa kitu cha hospitali. Zile zilikuwa hisani za watu.

Basi mwili ukaanza kuniacha. Misuli yakaza, miguu yalegea, moyo waruka kama kuku aliyefungwa. Nikadhani ugonjwa umezidi, nikaongeza mizizi. Ile ngazi ya Bi Aziza nikawa naipanda kwa magoti kama mtoto. Siku moja nikaenda Feri, nivuke kumwona dada yangu Likoni. Miguu ikaniishia palepale kwenye mteremko. Nikalala chini, akili ninayo, mguu hauinuki.

"Mzee, pombe ya asubuhi hii?" mtu akanicheka, akaniruka akaenda zake.

Nilimwita Mungu pale mavumbini. Sikuwa na sala ndefu, nilisema, Bwana, nisife watu wakisema ni mlevi. Wachukuzi wawili wakanibeba mpaka hospitali.

Huko nako sikupata nafuu, maana Dama aliniletea kikapu. Alikuwa akinimiminia maji meusi kikombeni, daktari akasimama kando yake.

"Mama, dawa gani hiyo?"

"Si dawa, daktari. Ni ya Kazungu."

Akainusa, akaionja kwa ulimi. Kisha akakimwaga kikapu chote kitandani, juu ya miguu yangu.

"Kidonge changu chatoa maji," akasema, "na maji hutoka na chumvi ambayo misuli na moyo huitegemea. Mizizi hii nayo yatoa chumvi hiyo hiyo, tena yapandisha presha. Vyote viwili vyamvuta upande mmoja, mama, upande wa kaburi. Na huyo Kazungu, kama naye anywa, aje kwangu leo."

Mizizi ikakomeshwa. Nikanyweshwa dawa ya chumvi, chungu ajabu. Dama akaenda mbio Kibarani kwa Kazungu. Akakuta mikeka imetandikwa nje na wanawake wamejifunga leso viunoni. Kazungu alikuwa ameanguka kazini na gunia mgongoni, hakuinuka. Mwili ulikwishapelekwa kwao kuzikwa.

Siwezi kuapa kuwa ni mizizi. Hakuna aliyempima. Najua tu kwamba tulikunywa kitu kimoja, na yeye alinipa kwa mapenzi.

Nilitoka hospitali kwa miguu yangu, nikaipanda ngazi, nikakaa juu nikalia. Kwa nini mimi, ndugu zangu? Nashukuru tu, na shukrani yenyewe ina uchungu ndani yake.

Mpaka sasa mtu akiniletea kitu nakipokea kwa mikono miwili, namwombea baraka, nakitia kikapuni. Siku ya hospitali natoka nacho. Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu, yeye aliniokota Feri. Na daktari akikuuliza, mmwagie kikapu chote, hata cha mapenzi. Changu kilimwagwa, nami naandika. Cha Kazungu hakuna aliyekimwaga.